Paka wa Nyumba ya Pamba

Wilhelmina Kwandu ng'wana Mayala, wa Kasoli. Babu yake Ndaki ndiye aliyefyeka vichaka vya upande wa mbugani kwa shoka na moto, akaweka kaya mahali ambapo watu walikuwa wakipita mbio kwa kuogopa fisi. Baba yake Mayala alilima pamba mpaka ikamletea ng'ombe, na kwa ng'ombe hao akawaoza wanawe wa kiume wote bila kwenda kuomba zizi la mtu mwingine. Na siku ghala la chama cha msingi lilipofunguliwa, mzigo wa kwanza kupanda kwenye mizani ulikuwa wake. Mama yake Malimi alikuwa mkunga. Hakuna mzazi aliyemfia mikononi. Ndivyo walivyosema, na hakuna aliyesimama kukanusha. Kwandu mwenyewe alisoma hadi darasa la nne la enzi ya mkoloni, akaimba sauti ya kwanza kanisani, akazaa, akazika, na kila mke mgeni aliyeolewa upande ule wa kijiji alifundishwa na yeye kuitenga pamba safi na pamba fifi, ile yenye uchafu. Alipofiwa na mumewe Yakobo, kaka zake walikuja kumchukua. Akawapikia kuku, wakala, kisha akawaambia, "Mimi nina kaya. Mnataka nikawe mgeni wa nani?" Wakaondoka peke yao.

Kitu kimoja tu kilimshinda tangu utotoni, nacho ni paka. Paka akipita karibu naye, pua inawasha, chafya zinafuatana, macho yanavimba na kuwiva kama pilipili, na kifua kinaanza kupiga filimbi. Mama yake alimkanya asicheze na paka kama wenzake walivyokanywa wasicheze kisimani. Baadaye daktari alimwambia kwamba ile ni aleji, haina dawa ya kuimaliza, dawa yake ni kukaa mbali na paka. Kwandu akamjibu kwamba hilo alilijua kabla daktari hajazaliwa. Akakaa mbali na paka mpaka akazeeka.

Kilichombadilisha ni soko la pamba kuachwa huria, katikati ya miaka ya tisini.

Zamani pamba ikikauka unaipeleka ghalani. Wanawake mnakaa juu ya magunia yenu kutwa nzima mkingoja mizani, mnasukana, mnataniana, mnakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kapu moja, na jioni unarudi nyumbani unajua nani ameposwa na nani amepigwa. Soko huria lilipoingia, ghala likapigwa kufuli, karani akahama, na wanunuzi wakaanza kuja na malori hadi mlangoni kwa mtu. Leo anakuja huyu na bei yake, kesho yule na yake, keshokutwa haji mtu. Watu wakajifunza kuifungia pamba ndani na kungoja. Kila mtu na pamba yake, kila mtu na mlango wake. Wengine walifurahi. Kwandu, ambaye mume alikuwa kaburini na mwanawe pekee aliyebaki, Novatus, alikuwa Geita kwenye machimbo ya dhahabu na mke na watoto, aliona kwamba amenyang'anywa ile siku ya kukaa juu ya magunia, wala hakuna aliyemwuliza.

Pamba yake aliiweka katika nyumba ya Yakobo. Ilikuwa nyumba ndogo ya bati, ng'ambo ya uwanja, ikitazamana na ile aliyolala yeye. Panya wakaijua kabla ya wanunuzi. Panya hali nyuzi, anafuata mbegu iliyomo ndani. Lakini akishaipata mbegu anajisaidia hapo hapo, anazaa hapo hapo, na pamba safi inakuwa fifi ikiwa bado haijatoka nyumbani. Kwandu alitega mitego, panya wakala chambo na kuuacha mtego umekaa. Akaweka sumu, akafa kuku jike aliyekuwa anaatamia. Basi akafunga kilemba chake na kwenda kutafuta paka.

Hakwenda kumchukua paka yeyote. Alikuwa amegundua siku nyingi kwamba paka hawalingani: wapo wanaomfunga kifua papo hapo, na wapo wanaomwacha na chafya kidogo tu. Akaamua kuwajaribu mmoja mmoja, kama mtu anayeonja mbegu za karanga kabla ya kuchukua za kupanda.

Alianza kwa Kasmiri, katekista, aliyemwamkia kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma na kumwita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, katekista. Nimekuja kwa ajili ya paka wako."

"Amekula kifaranga chako?"

"Hapana. Nataka kumpakata."

Kasmiri alicheka mpaka akashika mlango. "Wajukuu wamekwisha, mayu, mpaka unapakata paka?"

"Wajukuu wako Geita. Nipe paka."

Akapewa. Paka wa Kasmiri alikuwa na manyoya mengi kama mto wa kulalia. Kwandu alimweka mapajani, akamlalia tumboni kwa shavu, akavuta pumzi, akangoja. Hakungoja sana. Alitoka pale akiwa anapiga chafya mpaka barabarani, na watoto wa Kasmiri wakimfuata na kumwigiza.

Akaenda Bariadi mjini, dukani kwa Marcelo, ambako palikuwa na dume nene lililolala juu ya magunia ya dagaa. "Mama," Marcelo alimwuliza, "unanunua sabuni au unanusa paka?" "Vyote viwili," Kwandu akajibu, akalipia sabuni na kuondoka macho yamevimba. Akajaribu na kaya nyingine za njiani. Kote alikopita aliacha watu wamesimama uani wanatazamana: mwanamke mzee, mjane, anazunguka kijiji hadi kijiji akibandika uso kwenye matumbo ya paka, kisha anaondoka macho mekundu. Yeye alifikiri wanamcheka. Angejua kwamba wapo ambao hawakucheka, pengine angetafuta njia nyingine.

Paka wa kumfaa alimpata kijiji cha Zagayu, kwa mdogo wake Elina. Kulikuwa na watoto wa paka wa tumbo moja, na Kwandu aliwapakata wote, mmoja asubuhi, mwingine jioni, akinawa uso katikati. Aliyemwacha na pumzi yake alikuwa jike jembamba, la kijivu, manyoya mafupi yaliyobanana na ngozi, sikio moja limekunjika.

"Huyo?" Elina alishangaa. "Huyo hata mama yake hamtaki. Manyoya yenyewe kama ndevu za marehemu shemeji."

"Yakobo alinifaa na ndevu zake hizo hizo."

Kwao paka halipiwi pesa. Ukimlipia, wanasema, hakamati panya, anakaa tu kama mtu aliyekwisha pokea mshahara. Kwandu akaacha chumvi jikoni kwa Elina, akamfunika paka ndani ya kapu ili asiione njia ya kurudi, akaomba nafasi kwenye lori lililokuwa linapita, akaja naye Kasoli.

Akaweka sheria na kuzifuata. Paka alilala nyumba ya pamba, yeye alilala nyumba yake, na uwanja ulikuwa katikati. Paka hakuvuka kizingiti cha chumba cha kulala. Na kila asubuhi Kwandu alimtoa nje, akakaa mahali upepo unapotoka mgongoni, akampangusa kwa kitambaa chenye maji kuanzia shingoni hadi mkiani, ili manyoya yaliyolegea yatoke na kitambaa yasiende kwenye pamba wala kifuani mwake. Kisha alinawa kwa sabuni na kuanika nje kanga aliyokuwa amevaa. Kwa njia hiyo aliweza kupumua. Panya walikwisha.

Alimwita Mgeni. Jioni alikaa mlangoni pake akila ugali, na Mgeni alikaa mlangoni kwa Yakobo akijilamba, wakatazamana. "Leo lori halikuja," Kwandu alimwambia. "Na Novatus naye kimya." Paka alikuwa anamsikiliza, au alikuwa anamsikiliza panya. Ilikuwa shida kwake kwamba kiumbe pekee kilichokuwa kinamngoja pale uani ndicho ambacho hakuweza kukipapasa bila kulipa. Mara nyingine alilipa. Alimbeba, akahisi ule mngurumo ndani ya mbavu zake nyembamba, na usiku kifua kikampiga filimbi mpaka akalala ameketi.

Ila macho yalikataa sheria. Kule kumpangusa kila asubuhi kuliyaacha mekundu, na asubuhi ndiyo saa ya wanawake kupita na ndoo kwenda kisimani. Ua wa minyaa ulikuwa na mianya. Walimwona.

Miaka ile kila mwanamke mzee wa Usukuma alijua maana ya macho mekundu. Moshi wa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe ulikuwa umewaharibia macho wengi waliopika maisha yao yote, na wapo waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo, wakiitwa wachawi. Kwandu alikuwa amehudhuria mazishi ya namna hiyo. Alisimama pale akiimba, na hakuwahi kufikiri kwamba habari ile inamhusu mtu kama yeye, mjukuu wa Ndaki.

Alianza kuona kwa Monika. Monika alikuwa mke wa Josia, jirani wa ng'ambo ya ua. Kwandu ndiye aliyempokea alipoolewa, akamfundisha pamba, na kila asubuhi Monika alikuja kuomba kijinga cha moto ingawa kwake kulikuwa na kiberiti. Akaacha kuja. Kwandu alidhani anaumwa, mpaka alipoona moshi ukitoka jikoni kwa Monika. Jumapili akawapa michembe wenzake wa kwaya baada ya ibada, wakasema wameshiba, wote, hata yule asiyewahi kushiba.

Kisha ukaja wakati wa kukata viazi. Wanawake walikwenda kaya hadi kaya, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakiparua na kukata viazi na kuvianika viwe michembe ya kiangazi. Zamu ya Kwandu ilipofika alifagia uwanja, akatandaza mikeka, akachemsha maharage ya kuwalisha. Aliketi na kisu. Jua lilipanda. Alisikia ndoo zikipita nyuma ya minyaa, na sauti zilizokuwa zinaongea zikanyamaza zilipofika usawa wa kaya yake, zikaendelea mbele. Akavuta kiazi, akaanza. Alikata viazi vyote peke yake mpaka vidole vikafa ganzi, na ng'ambo ya uwanja Mgeni amekaa kizingitini, anamtazama.

"Wewe ndiwe uliyeleta haya," alimwambia. Halafu akaona si haki. "Basi, kaa hapo hapo."

Angeweza kumrudisha paka Zagayu. Aliliwaza hilo akiwa anakata. Lakini paka akiondoka, panya wangerudi na watu wasingerudi. Wangesema tu amemficha. Angebaki na uwanja mtupu, na milango yote miwili bila wa kutazamana naye.

Hazikupita siku nyingi, mchana, akaja Josia. Josia hakuja kama jirani. Alikuwa mtemi wa Sungusungu, walinzi wa kijiji, na alikuja na vijana wawili wenye fimbo na gunia.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, Josia. Leo umeingia kwa mlango mkubwa. Siku zote huwa unaruka ua."

Josia hakucheka. "Mayu Kwandu, watu wamekaa, wameongea. Wanasema ulizunguka kunusa paka za watu. Wanasema huyu uliyemleta unakaa naye asubuhi unamnong'oneza, na ukimaliza macho yako yanakuwa yale."

"Nampangusa. Nina aleji."

"Ndiyo nini?"

"Manyoya yake yananidhuru."

Vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Sasa kitu kinakudhuru, unakifuga cha nini?"

Swali lilikuwa la haki. Kwandu alilitafutia jibu, akaona majibu yote ya panya na pamba ni kweli lakini hayatoshi, na lile lililotosha hakutaka kulisema mbele ya vijana.

"Na unamwita Mgeni," Josia akaongeza, sauti imeshuka. "Kwa nini Mgeni, mayu? Wageni wengine wamekwisha?"

"Wamekwisha, Josia. Mkeo alikuwa wa mwisho."

Josia alitazama chini. Halafu akasema yaliyomleta. Paka aondolewe leo, atupwe mtoni, ili yeye aweze kuuambia mkutano kwamba jambo limekwisha. Asipoondolewa, hataweza kuwazuia watu. Hakusema watu gani wala kuwazuia nini, na wote waliokuwa pale walielewa.

Aliwaambia vijana wamkamate. Hakuna aliyesogea. Wote wawili walikuwa na fimbo na mikono ya kuzishika, lakini mkono wa kumgusa yule paka haukupatikana.

"Nyie wanawake," Josia akawaambia, akavuka uwanja mwenyewe, akaingia nyumba ya Yakobo.

Josia alikuwa hajawahi kufuga paka. Baba yake, mtu wa ng'ombe, alikuwa na imani kwamba paka na zizi havipatani, na Josia akairithi ile imani pamoja na zizi. Mgeni alijichimbia ndani ya pamba. Josia akaingia hadi kiunoni, akamkosa, akamshika, akakwaruzwa, akambana kifuani kwa mikono yote miwili. Ndani ya bati kulikuwa na joto la tanuri. Alitoka jasho linamtiririka, akajifuta uso kwa mkono ule ule uliomshika paka.

Alipofika katikati ya uwanja akapiga chafya. Akapiga nyingine. Kwandu alisimama. Aliijua ile chafya, alikuwa ameishi nayo tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Josia akajifuta macho, akajifuta tena, na kadiri alivyojifuta ndivyo yalivyozidi. Alipoinua uso kuwaambia vijana walete gunia, vijana wote wawili walirudi nyuma hatua.

Macho ya mtemi yalikuwa mekundu kuliko ya Kwandu.

"Mnaangalia nini?" Josia aliuliza. Wakarudi hatua nyingine. "Nimeuliza mnaangalia nini?"

"Wanaangalia macho yako, baba," Kwandu alisema. "Mwache huyo paka. Mwache, nimesema. Usijifute tena kwa mkono huo."

Josia akamwachia, na Mgeni akarudi kwenye pamba yake. Mtu mzima yule alisimama anatoa machozi, anahema, anaogopa. Kwandu alileta maji na sabuni iliyotoka kwa Marcelo, akamnawisha mikono kwanza, kisha uso, kama alivyokuwa akimnawisha Novatus. Akamvua shati, akalianika mbali.

"Yatapona?"

"Yatapona. Yangu hupona kila siku."

"Muda gani?"

"Kaa kivulini. Au unataka kukatiza kijijini na macho hayo? Nenda. Njia unaijua."

Josia alikaa. Vijana nao walikaa, mbali kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu waingie walikosa pa kuweka fimbo zao. Kwandu alileta michembe iliyochemshwa, akaiweka kati yao. Hakuna aliyenyoosha mkono. Baadaye Josia alinyoosha. Alikula polepole, akijitazama kila mara kwenye maji ya beseni, na Kwandu alikaa akimngoja. Angeweza kusema mengi. Aliyamezea, kwa sababu palikuwa na watu uwanjani pake wanakula, naye hakutaka waondoke haraka.

Mkutano uliofuata, Josia alieleza habari ya manyoya ya paka kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kueleza habari ya wizi wa ng'ombe. Alilazimika. Vijana walikuwa wameyaona macho yake, na kama macho ya Kwandu ni ya uchawi basi ya mtemi ni ya nini? Alimaliza kwa kusema kwamba atakayegusa kaya ya mayu Kwandu atajibu kwake. Hatari ikapita.

Ila watu kuacha kukuogopa si sawa na watu kuja. Walimsalimia njiani sasa, mwangaluka, mwadila, hima hima, wakiwa na mahali pa kwenda. Wale wa kwaya walipokea michembe yake na kuifunga kwenye kanga, na hakujua kama waliila. Josia mwenyewe hakukanyaga tena pale uani. Alisema kifua chake hakimruhusu. Lori likaja, pamba ikatoka ikiwa safi, nyumba ya Yakobo ikabaki na mwangwi. Novatus akatuma salamu kwa dereva wa lori kwamba kwa kuwa pamba imekwisha, mama ampe mtu yule paka. Kwandu akamwambia dereva, "Mwambie nimesikia." Hakumpa mtu.

Mawingu ya vuli yalipoanza kukusanyika na asubuhi zikawa za baridi, kifua kilianza kumsumbua hata kwa kule kupangusa tu. Siku ile alikuwa amekaa kwenye kigoda, paka mapajani, kitambaa mkononi, akitafuta pumzi ya kuanzia, aliposikia lango la minyaa likisogezwa.

Ni Monika, ana kigae cha kubebea moto.

"Mwangaluka, mayu." Alisimama pale pale langoni. "Kiberiti kimeloa."

Mvua ilikuwa haijanyesha bado. Kwandu alimtazama, akamtazama na paka.

"Moto upo. Lakini kwanza njoo huku, unisaidie."

"Nikusaidie nini?"

"Huyu. Mimi kifua kimekataa."

"Mayu, nikirudi na manyoya Josia atanifukuza. Juzi alipiga chafya, akalala na uso kwenye beseni."

Kwandu alitaka kucheka, pumzi haikutosha. "Basi vua kanga yako. Vaa hii yangu ya kazi. Ukimaliza unanawa, unavaa yako, unakwenda zako msafi. Na kesho ulete ya kwako kuukuu, iwe inakaa hapa. Pale kwenye msumari aliotundikia nguo Yakobo, pako wazi."

Monika aliweka kigae chini. Alikuja taratibu, akavaa kanga ya Kwandu, akampokea Mgeni kwa mikono iliyonyooka kama anayepokea mtoto wa mtu asiyemzoea. Kwandu alimpa kitambaa, akasogeza kigoda chake upande ule upepo unakotoka, si karibu sana, pa kuweza kuongea.

"Anza shingoni," alimwambia. "Shuka hadi mkiani, usirudishe nyuma. Chini ya tumbo taratibu, hapo ni mkali. Kazi hii sasa ni yako, kila siku, na uje mapema kabla jua halijawa kali. Haya, niambie, nani ameposwa?"